The Glenn Miller Story (1954): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeionyesha filamu hii nyumbani kwangu Jumamosi nyingi, mbele ya ndugu, majirani na vijana wa mtaani wanaojifunza ala. Maswali huwa ni yale yale, kuanzia "hivi ni hadithi ya kweli?" mpaka lile linaloulizwa kwa sauti ya chini filamu inapokwisha. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu. Usiyependa kusimuliwa mwisho wa filamu, ishia kwenye swali la watoto, kisha urudi ukishaitazama.

Inahusu nini?

Inahusu maisha ya Glenn Miller, mpiga tromboni wa Kimarekani ambaye bendi yake ya dansi ilitamba kuanzia 1939 hadi 1942. Filamu inaanzia Los Angeles miaka ya 1920. Kijana hana senti mfukoni, na tromboni yake iko kwenye duka la rehani. Akipata kazi anaikomboa, kazi ikikatika anairudisha. Tunamfuata anapooa, anapopigia bendi za watu wengine, anapounda ya kwake ikamfia mikononi, anapounda ya pili ikawika, hadi anapoiacha na kuvaa sare ya jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mwongozaji ni Anthony Mann. James Stewart ni Miller, June Allyson ni mkewe Helen. Ni filamu ya rangi, na haifiki saa mbili.

Mimi si mpenzi wa jazz. Nitaipenda?

Nadhani utaipenda, kwa sababu moja ambayo msikilizaji wa muziki wa dansi wa kwetu ataielewa haraka kuliko watu wengi. Bendi zetu zilijulikana kwa mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA walikuwa na Msondo, Mlimani Park wana Sikinde. Ukipita barabarani usiku ukasikia gitaa likitoka ukumbini, huhitaji kuuliza nani anapiga. Sasa chukua mtu ambaye tayari ni mpigaji mzuri, anaajiriwa na bendi kubwa na kulipwa, lakini halali kwa sababu bado hajaupata mtindo wake. Anausikia kichwani na hawezi kuupiga. Filamu nzima imesimama juu ya jambo hilo, na Stewart analiigiza vizuri mno: uso wa mtu anayezungumza na wewe huku sikio lake liko kwingine.

"Jazz" hii ndiyo ile ya Morogoro Jazz na OK Jazz?

Jina ni moja, muziki ni mwingine. Neno lilivuka bahari likawa na maana ya bendi ya kisasa ya dansi, yenye ala za kizungu. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwepo tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz tangu miaka ya 1940, na baadaye gitaa, rumba ya Kongo na midundo ya Kuba ndivyo vilivyotawala humo. Miller alipiga swing, yaani jazz ya bendi kubwa iliyoandikwa kwenye karatasi kwa ajili ya watu kucheza wawili wawili. Kufanana kupo hapo kwenye kucheza. Zote mbili zilipimwa na miguu ya watu ukumbini.

Ni ile aina ya filamu ambayo watu wanaanza kuimba ghafla barabarani?

Hapana. Muziki wote unapigwa mahali unapopigwa kwa kawaida: jukwaani, mazoezini, redioni, kwenye gwaride.

Hiyo sauti anayoitafuta ni ipi hasa? Nisikilize nini?

Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo penye utamu.

Bendi kubwa ya wakati ule ilikuwa na safu tatu za kupuliza: tarumbeta, tromboni na saksafoni, nyuma yao piano, gitaa, besi na ngoma. Kwa desturi, katika safu ya saksafoni melodi ilibebwa na alto, saksafoni ndogo yenye sauti ya juu. Miller alifanya jambo ambalo ukilisema linaonekana dogo. Aliipa klarineti melodi, juu kabisa. Chini yake, oktavu moja kamili (nota zile zile, ngazi moja chini), saksafoni ya tenori, iliyo kubwa na yenye sauti nzito kuliko alto, ikapiga melodi ile ile, nota kwa nota. Katikati ya hizo mbili saksafoni nyingine tatu zikajaza upatanifu, zimebanana kama watu kwenye benchi moja.

Weka wimbo wake "Moonlight Serenade", funga macho, jaribu kuifuata klarineti peke yake. Itakuponyoka. Jaribu tenori, nayo itakuponyoka. Sikio linapokea kitu cha tatu, laini, chenye kina, mithili ya ala ambayo hakuna fundi aliyewahi kuitengeneza. Kwenye bendi ya kweli klarineti hiyo ilishikwa na Wilbur Schwartz, na sauti yake yenyewe ilikuwa na joto lililofaa kuchanganyika na wenzake bila kuwapanda.

Wimbo wa pili wa kusikiliza ni "In the Mood", uliorekodiwa Agosti 1939. Usikilize mwisho wake. Kipande kile kile kinarudiwa, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, mpaka unadhani wamemaliza na mkono wako unanyanyuka kupiga makofi. Wanarudia tena, chini zaidi. Halafu bendi nzima inalipuka. Nimeona watu wazima wakishtuka kwenye viti kisha wakicheka. Miller aliwajua wachezaji wa ukumbini: aliwapunguzia moto ili wauombe wenyewe.

Wako wapenzi wa jazz wanaomlaumu kwamba muziki wake umenyooshwa mno, kila kitu kimeandikwa, mpigaji hana nafasi ya kutoka na lake. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini alichokitafuta ni sauti ya bendi nzima kwa pamoja, na alichokitafuta alikipata. Wimbo wake ukipigwa sekunde tano tu, unamjua.

Ni kweli mtindo huo ulipatikana kwa sababu mpiga tarumbeta aliumia mdomo?

Kwenye filamu ndivyo ilivyo. Onyesho linakaribia, mpiga tarumbeta kiongozi anaumia mdomo mazoezini, hakuna wa kuziba pengo, na Miller anakesha akiandika upya muziki wote ili klarineti ibebe nafasi ya tarumbeta. Kesho yake bendi inapuliza na anasikia kile alichokuwa akikisikia kichwani miaka yote.

Katika maisha halisi njia ilikuwa ndefu zaidi. Katikati ya miaka ya 1930 Miller alisoma utunzi kwa Joseph Schillinger, mwalimu aliyefundisha muziki kwa hesabu, na "Moonlight Serenade" ilichipuka kutoka kwenye zoezi la masomo hayo. Kipindi hicho hicho alikuwa akimpangia muziki (yaani kuandika kila ala ipige nini) Ray Noble, Mwingereza aliyeunda bendi New York. Humo kulikuwa na mpiga tarumbeta Pee Wee Erwin, aliyeweza kukaa juu kwenye nota ambazo wengine walizifikia kwa shida. Alipoondoka, zile sehemu zake za juu zikapewa klarineti. Kwa hiyo pengo la mpiga tarumbeta lilikuwepo kweli. Watunzi wa filamu walilichukua, wakaliongezea damu mdomoni, wakalibana kwenye usiku mmoja.

Mimi sioni kosa. Jirani yangu mmoja, mzee aliyepiga tarumbeta miaka mingi kwenye bendi ya askari, alipoiona sehemu hiyo mara ya kwanza aligusa mdomo wake wa juu kwa kidole na kukiacha hapo mpaka tukio likaisha. Baadaye akanionyesha alama ndogo, mviringo uliofifia, ambayo mdomo wa ala ulimwachia. "Hii ikipasuka," akasema, "huna kazi mwezi mzima." Tangu siku hiyo nalitazama tukio lile kwa jicho lake.

James Stewart anapiga tromboni mwenyewe?

Sauti unayoisikia si yake. Tromboni ilipigwa na wanamuziki wenye kazi yao, hasa Joe Yukl, ambaye ndiye pia aliyemfundisha Stewart jinsi ya kuishika. Tromboni haina vitufe kama tarumbeta. Ina bomba la kuteleza lenye nafasi saba, na mkono ukikosea nafasi kila anayeijua ala anaona. Mtazame Stewart mkono wake wa kulia. Alijifunza kwa dhati.

Ni wanamuziki gani wa kweli wanaoonekana?

Mpiga tarumbeta na mwimbaji Louis Armstrong, mpiga ngoma Gene Krupa, kiongozi wa bendi Ben Pollack ambaye kweli aliwahi kumwajiri Miller, mwimbaji Frances Langford, na kundi la waimbaji The Modernaires, ambao waliimba na bendi ya Miller enzi zake. Wote wanajiigiza wenyewe. Chummy MacGregor, mpiga piano na rafiki wa Miller wa miaka yote, anaigizwa na Harry Morgan, na MacGregor mwenyewe alikuwa mshauri wa filamu. Uchangamfu ule kati ya marafiki wawili umetoka kwa mtu aliyekuwepo.

Tukio la Louis Armstrong linasifiwa sana. Lina nini?

Ni usiku wa harusi. Bibi harusi amechoka, anasinzia, lakini marafiki wamewaburuta wote mpaka klabu ya Harlem, mtaa wa watu weusi huko New York. Armstrong anasimama na kuanza "Basin Street Blues" polepole, kwa sauti yake ya mkwaruzo. Mbele ya taa kuna gurudumu lenye vioo vya rangi linalozunguka, kwa hiyo nyuso zinageuka nyekundu, kijani, buluu, zambarau, huku muziki ukipanda. Halafu Krupa anaketi kwenye ngoma kando ya Cozy Cole, mmoja mweupe, mmoja mweusi, wakaanza kujibizana. Hakuna anayeongea. Mwongozaji ameacha wanamuziki wafanye kazi yao, akawa mpole kiasi cha kuwapa muda wa kutosha.

Anayejua historia ataona kwamba tarehe hazikai sawa. Miller alioa Oktoba 1928, na Armstrong alihamia New York mwaka uliofuata. Bendi unayoiona ni ile aliyokuwa nayo Armstrong wakati wa kupiga picha, mwaka 1953, imevishwa miaka ya 1920. Nawashukuru waliofanya uamuzi huo. Tumepata dakika kadhaa za Armstrong akiwa na watu wake kwa rangi na kwa sauti safi, na hazina bei.

Mbona Wamarekani weusi ni wachache, wakati muziki ni wao?

Swali hili huulizwa na vijana, na wana haki ya kujibiwa kikamilifu.

Swing ililelewa na watu weusi. Fletcher Henderson alikuwa akipanga muziki wa bendi kubwa New York tangu miaka ya 1920, Duke Ellington na Count Basie wakaupeleka mbali. Hata nyimbo zilizomtajirisha Miller zina wenyewe. "Tuxedo Junction" ni ya bendi ya Erskine Hawkins, na jina hilo ni la mahali halisi huko Birmingham, Alabama, kwenye kitongoji cha watu weusi. "In the Mood" iliandikwa na Joe Garland, naye alijenga juu ya kipande kilichokuwa kikizunguka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. "St. Louis Blues" ni ya W. C. Handy, 1914. Bendi ya Miller ilikuwa ya wazungu watupu, na jeshi alilojiunga nalo liliwatenga weusi na weupe. Amri ya kukomesha utengano huo jeshini ilitoka 1948.

Filamu haiyasemi haya. Inampa Armstrong heshima yake usiku mmoja, kisha inaendelea na safari. Ninaipenda filamu hii na bado nasema wazi kwamba hapo imepungukiwa. Ninachofanya nyumbani ni kumpigia mgeni "Tuxedo Junction" ya Hawkins kwanza, halafu ya Miller. Ya Hawkins ina jasho zaidi. Akishazisikia zote mbili, anaitazama filamu akiwa na deni mkononi la kumlipa aliyestahili.

Helen alikuwa hivyo kweli?

Helen Burger alisoma naye Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, na walioana kama filamu inavyoonyesha. Alikuwa hai filamu ilipotengenezwa na aliiunga mkono. June Allyson amempa moyo wa aina yake: mwanamke anayemwelewa mumewe kabla mume hajajielewa. Kila usiku anachukua chenji zilizobaki mifukoni mwa Glenn na kuziweka benki kimyakimya, na siku bendi inapohitaji mtaji anamtolea kitabu cha akiba. Akina mama wanaokuja kwangu hutikisa kichwa hapo wakitabasamu. Kibubu kile kila mmoja anakijua.

Vipo vitu vilivyokolezwa. Lakini lile pigo la kumpoteza mtoto, na watoto wawili waliowachukua na kuwalea, mvulana Steven na msichana Jonnie, vina mzizi wa kweli: hawakujaliwa kuzaa, wakaasili watoto wawili.

Bendi ya kwanza ilivunjika kweli?

Ilivunjika mwanzoni mwa 1938. Magari kukwama kwenye theluji, wanamuziki kuchoka, pesa kuisha: filamu haitii chumvi sana hapo. Machi mwaka huo huo akaanza upya. Mwenye kumbi za dansi wa Boston, Si Schribman, aliyemshika mkono wakati huo, alikuwepo kweli, na kwenye filamu anaigizwa na George Tobias. Kisha ikaja kiangazi cha 1939 kwenye Glen Island Casino, huko New Rochelle karibu na New York, ambako muziki ulirushwa redioni mara kwa mara. Watu waliokuwa hawajawahi kumwona wakawa wanamjua kwa masikio. Februari 1942 alikabidhiwa santuri iliyopakwa rangi ya dhahabu baada ya "Chattanooga Choo Choo" kuuza nakala milioni moja na laki mbili. Huko ndiko ilikoanzia desturi ya santuri ya dhahabu.

"Pennsylvania 6-5000" ni nini? Wanapiga kelele wote.

Ilikuwa namba ya simu ya Hotel Pennsylvania ya New York, ambako bendi ilipiga mara nyingi. Muziki unasimama, simu inalia, wanamuziki wote wanaitaja namba kwa pamoja. Watoto wataikariri kabla ya wewe kukariri.

Kwa nini aliacha utajiri akaenda jeshini wakati umri wake ulikuwa umepita?

Alikuwa na miaka 38, ana familia, hakuna ambaye angemwita. Aliivunja bendi iliyokuwa ikiongoza Marekani nzima Septemba 1942 na kuomba mwenyewe achukuliwe. Aliamini askari wanahitaji muziki wa nyumbani kuliko nyimbo za gwaride za zamani.

Hapo filamu ina tukio ambalo kwetu linapokelewa kwa namna yake. Kikosi kinapita kwenye gwaride, bendi inapiga machi kavu, miguu ya askari imekufa. Miller anaigeuza ghafla: "St. Louis Blues" katika mwendo wa machi. Migongo inanyooka, mikono inabembea, askari wanatembea kama wanacheza. Mkubwa wake anakasirika, jenerali anafurahi. Mpango huo ulikuwepo kweli kwenye bendi yake ya jeshi. Mtu aliyekua kwenye pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Mababu zetu waliichukua tarumbeta na ngoma ya gwaride la wakoloni Lamu na Mombasa wakaitia mwendo wao, ikawa beni, ikasambaa bara mpaka Tabora na Ujiji. Yule mzee wa tarumbeta alisimama kutoka kwenye kochi hapo, akapiga hatua nne kwenye zulia langu.

Lile tukio la bomu kupita juu ya onyesho ni la kweli?

Onyesho liko nje, Uingereza, kiangazi cha 1944. Kinasikika kishindo cha V-1, bomu la Wajerumani lililoruka lenyewe bila rubani. Wasikilizaji wanalala chini. Bendi haikatizi. Bomu linaanguka mbali, na muziki bado unaendelea kana kwamba haukuguswa.

Tukio lenyewe limetungwa kwa ajili ya filamu, ila hatari ilikuwa halisi. Bendi ilikuwa imepangiwa makazi Sloane Court, London. Miller akahangaika mpaka ikahamishiwa Bedford, nje ya njia ya mabomu hayo. Walihama tarehe 2 Julai 1944. Kesho yake asubuhi V-1 ikaangukia Sloane Court na kuua makumi ya askari wa Kimarekani.

Na Stewart, yeye vita alivijua?

Alivijua kutoka kwenye kiti cha rubani. Alijiunga na jeshi 1941, akaongoza ndege za mabomu aina ya B-24 kutoka Uingereza kwenda Ujerumani, misheni 20, akamaliza vita akiwa kanali. Unapomwona akiwa na kofia ya jeshi kwenye uwanja wa ndege wa Kiingereza wenye ukungu, kumbuka kwamba mwigizaji huyu alishasimama kwenye viwanja kama hivyo, akihesabu ndege zilizorudi. Hatii mbwembwe yoyote kwenye matukio hayo, na nadhani sababu ni hiyo.

Ilipata tuzo?

Ilipata Oscar ya kurekodi sauti, na mara nikisikiliza safu ile ya saksafoni naona waliitendea haki. Ilitajwa pia kwa hadithi na kwa muziki. Mmoja wa waliotajwa kwenye muziki ni Henry Mancini, kijana aliyekuwa amepiga piano kwenye bendi ya Miller iliyoendelea baada ya vita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutajwa Oscar.

Niitazame kwa kifaa gani? Simu inatosha?

Kwa picha, simu itakusogeza. Kwa muziki, hapana. Spika ndogo ya simu inaikata tenori ile ya chini, na ikikatwa hiyo, "sauti ya Miller" inabaki klarineti inayolia peke yake. Unganisha na spika yoyote yenye besi kiasi, au vaa hedifoni za kufunika masikio. Tafuta nakala yenye sauti ya stirio kama unaweza. Filamu ilirudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1985 ikiwa na sauti hiyo.

Kiingereza changu si kizuri.

Washa maandishi ya chini ya picha. Stewart huongea kwa kusitasita, akimeza maneno, hata wanaojua lugha hukwama. Ila hadithi inajieleza kwa nyuso na kwa ala. Shangazi yangu hakuelewa sentensi hata moja, na alilia mahali panapostahili.

Watoto wanaweza kuitazama?

Ndiyo. Hakuna damu wala matusi, kuna vilabu vyenye vinywaji. Kuna mimba inayoharibika, imesemwa kwa maneno machache hospitalini, na kuna huzuni ya mwisho. Wa miaka minane na kuendelea huifuata bila shida, hasa ukiwapa kazi ya kuhesabu mara ngapi tromboni inarudi kwenye duka la rehani.

Miller alikufaje hasa?

Tarehe 15 Desemba 1944, akiwa na cheo cha meja, alipanda ndege ndogo ya injini moja aina ya Norseman kwenye uwanja wa Twinwood Farm, karibu na Bedford. Walikuwa watatu: yeye, Luteni Kanali Norman Baessell na rubani John Morgan. Alikuwa akienda Paris kuiandalia bendi mahali. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, baridi na ukungu. Ndege haikufika na haijawahi kupatikana. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kabureta iliganda barafu na injini ikazima juu ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Habari ilitangazwa mkesha wa Krismasi. Alikuwa na miaka 40. Jina lake liko kwenye ukuta wa waliopotea katika makaburi ya Wamarekani huko Cambridge.

Bendi iliendelea kupiga bila yeye?

Iliendelea. Walifika Paris, na siku ya Krismasi walirusha matangazo chini ya Jerry Gray, mpangaji wake wa muziki. Waliendelea kupigia askari mpaka vita vikaisha.

Kwa nini wimbo wa mwisho ni "Little Brown Jug", na kwa nini watu wanalia wakati ni wimbo wa furaha?

Kwenye filamu Helen anaupenda wimbo huo wa kale na Glenn hautaki. Ni mzaha wao tangu wakiwa vijana. Glenn anamwahidi Helen zawadi kwenye matangazo ya Krismasi kutoka Paris. Tunamwona akiingia kwenye ndege, ukungu unaifunika, basi. Hakuna ajali, hakuna bahari. Picha inayofuata ni sebule, mti wa Krismasi, watoto wamepelekwa wasisikie, na redio.

Kihistoria, "Little Brown Jug" ni wimbo wa 1869, na Miller aliurekodi kwa mpango wa Bill Finegan mapema 1939. Ulikuwa miongoni mwa nyimbo zilizomtoa. Hakuungoja mpaka vita. Watunzi waliuhamisha miaka mitano mbele, na kwa kuuhamisha walimpa mjane kitu cha kupokea.

Sasa angalia tukio linavyokwenda. Mtangazaji anautaja. Helen, aliyejikaza siku nzima, anasogea redioni. Bendi inaanza kwa sauti ya chini, kisha safu ya saksafoni inaingia, klarineti juu, tenori chini, ile ile aliyoitafuta mumewe kwenye vyumba vya kupanga na magari yaliyokwama kwenye theluji. Mtu hayupo, na sauti yake ipo sebuleni, nzima, haijapungua nota. Allyson haongei. Anasikiliza, machozi yanajaa, halafu polepole linakuja tabasamu, maana zawadi imefika.

Hapo ndipo mtu hunigeukia na kuuliza kwa sauti ya chini kama naweza kuurudisha wimbo nyuma kidogo. Naurudisha mpaka pale bendi inapoanza.